Mrithi wa Sista Benedikta

Mildura, 9 Februari

Dada Noeline,

Salamu nyingi kutoka kwenye tanuri. Wewe huko Warrnambool najua umevaa sweta hata kiangazi. Sisi huku jana joto lilifika nyuzi arobaini na nne, na kuku wawili wa jirani yangu Mazza wamekufa kwenye kivuli. Mimi ni mzima. Masikio tu ndiyo yamestaafu kabisa, kwa hiyo usipige simu: nitajibu "ndiyo, ndiyo" na kumbe umeniuliza kama nauza nyumba. Andika. Posta siku hizi inaleta barua leo, kesho inapumzika, lakini inaleta.

Wiki iliyopita mke wangu Coral alitimiza miaka sita kaburini. Nilimpelekea maua ya plastiki, maana ya kweli yangeiva kabla sijafika getini. Najua angenisema.

Sasa jambo lenyewe. Serikali imeleta muswada juu yetu sisi tunaofuga nyoka, mijusi na kasa. Wanataka kozi, ukaguzi wa nyumba na makaratasi mengine chungu nzima. Chama chetu cha wafugaji, wanachama tisa, ambao ukijumlisha umri wetu unapata miaka mia sita na ushee, kimenichagua nitafute la kuwajibu. Kamati ya bunge iliwaomba wananchi maoni, na yote yamechapishwa, majina yamefichwa, kila moja lina namba yake. Nimeyasoma yote mia tatu na arobaini pale maktaba. Shanelle, binti wa maktaba, alikuwa ananichapia kurasa huku akisema, "Mzee, masikio yameshakwenda, sasa unayafukuza na macho?"

Mengi ni maneno ya kawaida. Lakini Namba 212 alinifanya nivue miwani, niifute, niivae tena. Mtu huyu anasema ndugu yake ana chatu wa mita mbili na nusu, na kwamba kwenye friza ya ndugu huyo panya waliogandishwa wamelala "shavu kwa shavu na mfuko wa njegere". Halafu anamalizia: "Mungu apishe mbali, siku ndugu yangu atakapokufa, nani atamchukua mnyama huyo? Sheria iseme!"

Kalamu anayo, lazima nikiri. Wewe uliyefundisha darasa la sita miaka thelathini, unamwonaje?

Sista Benedikta anakusalimu. Amejivua ngozi juzi na anang'aa. Miaka kumi na tisa tangu nimpe jina la yule mtawa aliyetufundisha, na bado ananitazama bila kupepesa jicho, vilevile kama mwenyewe alivyotutazama tulipochelewa misa.

Mdogo wako,
Basil

*

Warrnambool, 27 Februari

Mdogo wangu Basil,

Barua yako imenifikia baada ya siku kumi na moja. Nadhani posta wanailea kwanza ikue. Mimi sijambo, goti la kushoto ndilo lina mambo yake. Mwanangu Grant amepandishwa cheo huko Perth. Hakunipigia kuniambia, nimeona kwenye picha za mke wake. Ndio watoto. Paka wangu alikufa Januari na sijachukua mwingine, nimechoka kuzika.

Kuhusu hayo maoni, mimi mambo ya serikali siyasomi. Namba ngapi ulisema? 212? Simjui. Ila kwa jinsi ulivyomnukuu, anaonekana ni mtu aliyelelewa vizuri. Na sioni kwa nini umekazania njegere. Watu wengi wana njegere.

Kama unataka maoni yangu mimi, Noeline, unayajua tangu Krismasi ile. Mgeni anatoka kuoga, amevaa maji matupu, anafungua kabati achukue taulo, na taulo la tatu kutoka juu linamtazama! Nikapiga ukelele mpaka Mazza akaruka ua na jembe mkononi. Nikakuambia, Basil, ama mimi ama nyoka. Ukaniuliza basi langu linaondoka saa ngapi.

Basi usinitume salamu za huyo mtawa wako. Marehemu Sista Benedikta alinipiga fimbo mara mbili tu, na hakuwahi kunivizia bafuni.

Vaa kofia.

Dada yako,
Noeline

*

Mildura, 14 Machi

Dada,

Pole kwa paka. Alikuwa paka mwenye roho mbaya, lakini pole.

Huku zabibu zimekatwa, Mazza analia bei kama kila mwaka. Mimi nimepungua kidogo. Suruali ninazifunga na mkanda wa zamani wa baba. Joto tu. Juzi nilikwenda Melbourne kwa shughuli zangu, muda wa saa saba kwenye basi na kijana aliyekula samaki wa kopo njia nzima.

Sikiliza sasa. Kamati imemaliza kazi. Wamemsoma Namba 212, wakampenda, wakamtungia kifungu chake mwenyewe! Kifungu cha kumi na nne. Nakunakilia: mfugaji aliyevuka miaka sabini lazima amtaje mrithi wa mnyama wake. Mrithi awe mkazi wa jimbo hili, ahudhurie kozi ya siku moja, atie saini. Asiyepata mrithi hadi tarehe thelathini Juni, mnyama anakwenda kwenye idara ya wanyamapori. Na idarani, dada, chatu wa miaka kumi na tisa hatafutiwi bwana mpya. Anachomwa sindano. Bunge halijapitisha, lakini idara kwa bidii ambayo hatujawahi kuiona imeshatoa na fomu.

Wenzangu wanane wamepata warithi. Mimi bado. Wao wenyewe hawawezi kunisaidia. Hakuna mfugaji mwenye akili anayeingiza nyoka mzee wa mwenzake chumbani kwake, akaleta utitiri na magonjwa. Ni desturi yetu, hata mimi ningekataa.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Nimekuuliza mara moja, sitazunguka.

Basil

*

Warrnambool, 30 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Huku upepo umeanza. Bati la banda limeng'oka, nimelifunga kwa waya na sala. Kwenye bingo nimeshinda kikapu cha sabuni, nitakutumia moja maana najua unaoga kwa ile ya kufulia.

Ulilouliza, haiwezekani. Mimi nina miaka sabini na minane! Mrithi gani huyo anayemtangulia anayemrithi? Mtu akikaribia themanini anarithiwa, harithi. Na goti langu je? Tena nyumba hii ni ndogo. Tena mimi nikimwona tu mnyoo wa bustanini napanda kiti.

Muulize Mazza. Muulize Shanelle wa maktaba, anaonekana ana huruma. Muulize Grant.

Halafu haraka ya nini? Wewe ni mgumu kama mti wa kando ya mto, utatuzika sote, na huyo nyoka pia. Na hizo shughuli za Melbourne ni zipi? Wewe hujawahi kuwa na shughuli Melbourne. Ulikwenda kwenye harusi yangu huko ukasema hutarudi tena.

Na huyo Namba 212 sidhani alitaka kifungu. Nadhani aliandika tu, kama watu wanavyoandika.

Noeline

*

Mildura, 12 Aprili

Dada,

Sabuni imefika, inanukia kama padri. Ahsante.

Mazza alikubali. Mkewe akatoka na mwiko: "Nyoka akiingia kwa mlango huu, mimi natoka kwa ule." Mazza akafikiri kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu, kisha akaniambia pole. Shanelle anaishi nyumba ya kupanga yenye tangazo la kukataza hata samaki. Grant yuko Perth, jimbo jingine, kifungu hakimruhusu. Chama kiliweka tangazo kwenye duka la chakula cha mifugo. Alikuja kijana mmoja, akauliza kama ngozi ya chatu inafaa mkanda. Nilimwonyesha barabara.

Nimeandika jina lako kwenye fomu. Usipandishe hasira. Idara watakutumia uisome, na usipotaka usitie saini, basi, hakuna atakayekushika mkono.

Unauliza haraka ya nini. Tarehe thelathini Juni, dada, si ndiyo haraka yenyewe? Melbourne nilikwenda tena. Shughuli ni shughuli.

Namba 212 hakutaka kifungu, unasema. Wahenga wangesema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Lakini mimi ninampa pole. Kesho nampa Benedikta panya wake, halafu nalala. Siku hizi usingizi naupenda sana.

Basil

*

Warrnambool, 2 Mei

Basil,

Leo hakuna salamu.

Fomu imefika. Ukurasa wa pili, swali la tisa: "Kwa makadirio ya mfugaji, makabidhiano yatatokea baada ya muda gani?" Na mwandiko wako, ule niliokufundisha mimi mezani jikoni: "Miezi minne. Daktari anasema mitano, lakini bado kijana, ana matumaini mengi."

Miezi minne! Dada yako wa tumbo moja anaipata habari hiyo kwenye fomu ya serikali, kati ya urefu wa nyoka na aina ya taa yake! Niliketi kwenye ngazi za mlangoni, mama wa posta akarudi kuniuliza kama nimeanguka. Nikamwambia ndiyo.

Unanificha nini na mimi? Nilikuosha masikio ulipokuwa na miaka mitatu. Nilimdanganya baba kwamba ni mimi niliyevunja kioo cha trekta. Ukaona afadhali umwambie karani!

Haya, na mimi niseme langu, maana najua unalijua. Namba 212 ni mimi. Niliandika siku mbili baada ya Krismasi, Krismasi ya tatu nimekula kuku peke yangu huku redio ikiimba. Nilikuwa na hasira. Nilifikiri wakikunyang'anya huyo nyoka utakumbuka kwamba una dada. Ndivyo nilivyofikiri, mtu mzima na mvi zangu. Kuhusu kufa kwako niliweka tu kupamba. Mungu ananijua, niliweka kupamba.

Jumamosi nilikwenda kwenye kozi. Ilikuwa ukumbi wa maskauti, watu kumi na mmoja, wote warithi, wote tumekaa karibu na mlango. Mwalimu ni binti anaitwa Tahlia, amechorwa mijusi hadi shingoni, ana subira kuliko niliyowahi kuwa nayo darasani. Kila mmoja lazima amshike chatu dakika tano. Mzee mmoja mkulima wa ng'ombe, mwili kama mlango wa kanisa, alizimia. Zamu yangu nikasema, "Binti, mimi siwezi." Akasema, "Bibi, hata yeye hajakuomba." Akaniwekea mabegani.

Dakika tano nilisali salamu Maria kumi, nikaruka maneno. Ni mzito, Basil. Hakuna aliyeniambia kwamba ni mzito na kwamba anakushikilia, kama mtoto anayeogopa kuanguka. Nililia, Tahlia akadhani ni hofu.

Nimetia saini. Sijasema nampenda. Nimetia saini.

Noeline

*

Mildura, 20 Mei

Dadangu Noeline,

Kwanza salamu, kwa sababu mmoja wetu lazima abaki na adabu.

Nilijua ni wewe tangu siku ya kwanza. Nani mwingine nchi hii anaandika "Mungu apishe mbali" kwa serikali? Nilicheka hadi Shanelle akaniletea maji. Sikukuambia kwa sababu nilitaka kuona utakwenda na uongo wako mpaka wapi. "Watu wengi wana njegere!" Barua hiyo nimeitundika kwenye mlango wa friza.

La pili, cheka au lia, chagua. Muswada umekufa. Uchaguzi unakaribia, na imegundulika kwamba wafugaji wa nyoka nao wanapiga kura. Waziri amesema "umeahirishwa kwa tafakuri zaidi". Hakuna kozi, hakuna kifungu cha kumi na nne, hakuna mrithi. Chama kimefanya karamu ya soseji, wakanipigia makofi mimi kiongozi wa ushindi. Nilikula nusu soseji.

Kwa hiyo uko huru, dada. Chana fomu. Hakuna anayekulazimisha, na mimi sitaki nyoka wangu alelewe kwa kutubu. Ni saratani ya tumbo, kama ulitaka kujua; ilianza kwenye kongosho, sasa imetembea. Sikukuambia kwa sababu ungekuja, na ungekuja kwa huruma, na ningekuona unatembea ukishika kuta ukiogopa kila kabati. Nilitaka uje kwa kunitaka mimi. Ukaidi tu. Tuliurithi wote.

Jumamosi tarehe saba Juni nahamia hospitali Melbourne, na sidhani nitarudi. Ijumaa, siku moja kabla, mtu wa idara atakuja kumchukua Benedikta. Kuhusu mnyama asiye na mfugaji, sheria ya zamani inasema vilevile, ila kwa maneno machache zaidi. Nimemwomba afanye upole. Benedikta hajawahi kumuuma mtu, dada, hata mara moja. Miaka sita hii ya upweke yeye ndiye kitu pekee chenye uhai nilichokuta nikifungua mlango. Naogopa Ijumaa hiyo kuliko Jumamosi.

Nimekusamehe tangu Februari. Na wewe unisamehe ile habari ya basi.

Basil

*

Mildura, 29 Juni
(kwako Basil, wodi ya nne, Melbourne)

Mdogo wangu,

Salamu kutoka jikoni kwako. Baridi imeingia, asubuhi majani ni meupe kwa umande ulioganda. Mazza ameleta kuni na mkewe ameleta supu, ameishia getini akaniita nje. Shanelle amekuja na vitabu, anasema maktaba imekuwa kimya. Goti langu linapenda hewa ya huku, jambo la kushangaza. Grant nimempigia mimi. Atakuja kukuona Jumapili, usijifanye umelala.

Nilijua hukuniamini pale mlangoni, Alhamisi ile nilipofika. Ulinitazama mimi na sanduku langu kama mtu aliyeletewa mzigo wa jirani. Ukasema, "Lakini sheria imefutwa." Nikasema, "Ndiyo maana nimekuja." Tulikuwa na siku moja na nusu tu pamoja, na nusu yake tulibishana kuhusu mahali pa kuweka taulo. Sijutii hata dakika. Yule mtu wa idara Ijumaa alikunywa chai, akaangalia leseni yangu mpya ya ufugaji, niliyoiomba baada ya kozi, akaniuliza kama nina uzoefu. Nikamwambia nimefundisha darasa la sita.

Sasa la Benedikta. Sikutaka kukuandikia mapema kwa sababu zilikuwa habari mbaya. Tangu uondoke hakula. Wiki ya kwanza nikasema ni baridi. Ya pili nikamshika panya kwa lile koleo refu, nimegeuza uso, nikamtikisa kama ulivyonionyesha, hakujali. Ya tatu nikampigia Tahlia, nikamwambia amekufa anatazama tu. Akacheka, akaniambia: "Bibi, anamtafuta mtu wake. Kaa naye. Ongea naye, hata kama hasikii." Nikamwambia hiyo kazi ninaiweza, nimeifanya na mdogo wangu miaka kumi.

Basi nimekuwa nikiketi mbele ya kioo chake kila mchana na kikombe changu. Nimemweleza habari za mama. Nimemweleza ulivyojificha kwenye tangi la maji siku ya komunyo ya kwanza. Nimemweleza na lile ambalo sikukuambia Alhamisi kwa sababu ulikuwa umenipa kisogo ukifunga viatu: kwamba nilikuwa na hamu nawe sana, Basil, miaka mitatu yote, kila siku, na sikujua jinsi ya kurudi bila kuonekana nimeshindwa.

Jana alishuka kutoka kwenye tawi lake akachukua panya mkononi mwangu, maana koleo nilikuwa nimelisahau jikoni. Nilipiga ukelele. Mazza akaruka ua.

Muuguzi ameniambia kwa simu kwamba unarudisha sahani kila siku na kugeukia ukutani. Posta itachelewa, kwa hiyo Shanelle anaipiga picha barua hii na kumtumia kwa simu; nimemwambia akusomee kwa sauti kubwa, kwenye sikio la kulia, na asiondoke mpaka ujibu.

Mimi napanda basi la kesho asubuhi kuja kwako. Mazza amekubali kuangalia taa ya joto, mkewe hajui. Nyoka amekula, Basil. Wewe je, umekula?

Dada yako,
Noeline